Kiini cha Seli na Kamba Zake

Mpishi avunjapo yai bichi katika bakuli hukiona kitu ambacho aghalabu hakipi uzito. Ubavuni mwa kiini cha manjano hujitokeza uzi mweupe mzito, uliojisokota mithili ya kamba, na upande wa pili upo mwenziwe. Wapo wanaoudhania uchafu wakautoa kwa ncha ya kijiko. Hawajui kwamba nyuzi hizo mbili ndizo zilizokuwa zikikishika kiini katikati ya ute, kisije kikaelea na kugota kwenye ganda kila kuku alipoligeuza yai lake.

Lugha yetu imelitwaa neno lilo hilo, kiini, ikaliazima kwa kitu kingine kilicho kidogo mno hata jicho haliwezi kukiona. Sisi tuliopitia shule za upili twakikumbuka: duara jeusi lililochorwa ndani ya duara kubwa zaidi, na kando yake mshale wenye maandishi. Tulifunzwa kwamba humo ndimo zinamohifadhiwa jeni tulizorithi kwa wazazi wetu, na kwamba kiini ndicho ubongo wa seli. Chenyewe hutoa amri, na sehemu nyingine zote hutii. Nakumbuka mwenzetu mmoja aliyethubutu kuuliza ni kitu gani kinachokizuia kiini kisizame chini ya seli kama jiwe ndani ya mtungi. Alijibiwa kuwa swali hilo halimo katika silabasi.

Swali lile, msomaji, lilishinda kwa maana yote mengine yaliyoulizwa darasani mwaka ule. Jawabu lake sasa linajulikana kwa sehemu kubwa, na ndani yake mna habari ya watu wanaokufa ghafla wangali vijana, ilhali mwili wao ulikuwa umekwisha kutoa ishara miaka mingi kabla. Hiyo ndiyo sababu ya mimi kuwachosha wasomaji leo kwa mambo ya maabara, badala ya siasa ambazo kila mtu anazizungumza.

Yeyote adhaniaye kwamba seli ni kifuko kilichojaa maji amepotoka. Ndani yake mmejengwa kiunzi cha nyuzi za protini, mfano wa fito za nyumba ya udongo kabla haijakandikwa. Zipo nyuzi nyembamba za aktini ambazo huvuta na kulegea. Ipo mirija midogo iliyo barabara za kupitishia mizigo, na juu yake hutembea protini zenye kazi ya uhamali, zikibeba shehena kutoka pembe moja ya seli hadi nyingine. Zipo na nyuzi za aina ya tatu, imara kama katani, ambazo huizuia seli isichanike. Kiini nacho kina kiunzi chake cha ndani, wavu wa protini ziitwazo lamini, uliotandazwa chini ya ukuta wake. Taabu ni kwamba ukuta huo una tando mbili, na baina ya tando hizo pana uwazi wa kadiri ya sehemu 50 za milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Je, kiunzi cha nje kitakishikaje kiunzi cha ndani, nao wametengwa na kuta mbili?

Jawabu lilianza kupatikana mahali ambapo Mswahili angepaswa kupatambua mara moja. Mwaka 1893, huko Ujerumani, Paul Lindner aliichunguza hamira iliyotoka katika pombe ya nafaka ya Afrika Mashariki. Akaiita kwa jina la kisayansi Schizosaccharomyces pombe, na hilo neno la mwisho halihitaji kufasiriwa kwa msomaji wa gazeti hili. Tangu hapo hamira ya mitungi ya wazee wetu imekuwa mwalimu wa maprofesa. Paul Nurse wa Uingereza, mmoja wa watu watatu waliotunukiwa Nobel ya tiba mwaka 2001, aliipata tuzo hiyo kwa kuichunguza. Na mnamo 1995 Iain Hagan na Mitsuhiro Yanagida waliieleza protini moja ya hamira hiyo, iitwayo Sad1, ambayo hukaa katika ukuta wa kiini, mahali zinapoanzia nyuzi za kuzigawa kromosomu. Inasikitisha kwamba jina la pombe limeenea katika vitabu vya elimu hiyo duniani kote, na hapa kwetu wachache mno ndio waliopata kuambiwa.

Shahidi wa pili alikuwa mnyoo. Sydney Brenner, mwana wa fundi wa viatu aliyezaliwa Germiston, Afrika Kusini, mwaka 1927, alimchagua mnyoo mdogo wa udongoni, urefu wake milimita moja tu na mwili wake wa kupenyeka kwa nuru, ili azichunguze jeni. Yeye na wenzake wawili, John Sulston na Robert Horvitz, walipewa Nobel mwaka 2002. Miongoni mwa minyoo yao walikuwamo waliokwenda ovyo, wakipindapinda pasipo mpango. Baadhi yao walipotazamwa kwa darubini, iligunduliwa kwamba kosa halikuanzia kwenye misuli hata kidogo. Mnyoo anapokua, viini vya seli fulani hulazimika kusafiri kutoka ubavuni hadi tumboni, wakipenya mahali pembamba sana. Katika minyoo hawa viini vilikwama njiani, seli zikafa, na pamoja nazo zikapotea neva ambazo zingezaliwa kutokana nazo. Mnyoo akawa kiwete kwa sababu kiini cha seli hakikuweza kuhama. Jeni iliyoharibika ikaitwa unc-84. Minyoo wa aina nyingine walikuwa na kasoro iliyo kinyume: viini vyao vilivyopaswa kutulia vilielea huku na huko na kurundikana, kama mashua zilizokatika nanga. Jeni ya hao ikaitwa anc-1.

Mwaka 1999 Christian Malone, Min Han na wenzao waliisoma jeni ya unc-84, wakaona kwamba mwisho wa protini yake wafanana na mwisho wa ile Sad1 ya hamira yetu. Kipande hicho kikapewa jina SUN. Miaka mitatu baadaye Daniel Starr na Min Han wakaonyesha kwamba anc-1 hutengeneza protini kubwa ajabu, ambayo upande mmoja imeshika nyuzi za aktini na upande mwingine ina mkia mfupi uliojichomeka katika ukuta wa kiini. Mkia huo huitwa KASH. (Majina haya ni herufi zilizookotwa hapa na pale, ya kwanza haihusu jua, wala ya pili haihusu fedha taslimu.) Mnamo 2006 watafiti waliokuwa wakichunguza seli za mamalia waliuita muungano wote LINC, kwa herufi za maneno ya Kiingereza yenye maana ya kiunganishi cha kiunzi cha kiini na kiunzi cha seli. Mimi nitauita kamba, kwani ndivyo ulivyo.

Fundo lenyewe limefungwa hivi. Protini za SUN zimesimama katika utando wa ndani, miguu yao ikikanyaga wavu wa lamini na mikono yao ikinyoshwa katika ule uwazi. Protini za KASH zimesimama katika utando wa nje, mikia yao ikiingia uwazini kutoka upande wa pili. Hapo katikati hushikana, mithili ya watu waliopeana mikono dirishani, mmoja akiwa barazani na mwingine chumbani. Mwaka 2012 wataalamu wa Massachusetts nchini Marekani walipiga picha ya mshikano huo kwa miali ya eksirei, wakakuta kwamba SUN tatu husokotana pamoja na kushika mikia mitatu ya KASH. Naam, kamba ya nyuzi tatu. Na mwenye KASH mkubwa kuliko wote katika mwili wa binadamu, protini iitwayo nesprini ya kwanza, ameundwa kwa amino asidi zaidi ya 8,000, kwa hiyo ni miongoni mwa protini kubwa kabisa tulizo nazo.

Hata kabla kamba hizi hazijapewa jina, palikuwa na jaribio lililodokeza kuwako kwake. Mwaka 1997, huko Boston, Andrew Maniotis, Christopher Chen na Donald Ingber walivibandika vishanga vidogo kwenye ngozi ya nje ya seli, kisha wakavivuta kwa sindano nyembamba ya kioo. Kiini kilichokuwa mbali, katikati ya seli, kikasogea na kurefuka kuelekea upande wa mvuto. Mwaka 2014 watafiti wengine waliendelea zaidi. Walivitoa viini nje ya seli kabisa, wakaivuta nesprini peke yake kwa sumaku, na kiini kikajikaza kila kilipovutwa, kama msuli wa mtu anayejiandaa kubeba gunia.

Hapa ndipo ninapokataa lile somo la ubongo na amri. Kiini tulichochorewa kilikuwa sultani aliyefungiwa ndani ya kasri, haguswi wala haambiwi neno. Kiini kilichofunuliwa na uchunguzi huu kimefungwa kamba kila upande. Huvutwa, huhamishwa, huhisi. Seli ya mfupa ikikandamizwa na uzito wa mtu anayetembea, au ya mshipa ikisuguliwa na damu ipitayo, habari za msukumo huo zina njia ya kufika hadi kwenye ukuta wa kiini bila ya kumsubiri mjumbe. Hata uzazi wetu hutegemea kamba hizi. Yai na mbegu ya kiume vinapotengenezwa, kromosomu za baba na za mama ni lazima zitafutane na kupangika mbili mbili, na kinachoziburura ni kamba hizo hizo zinazovutwa kutoka nje ya kiini. Mwaka 2007 ilithibitishwa kwamba panya wasio na SUN ya kwanza ni tasa, dume na jike. Na ile hamira ya pombe, inapozaana, kiini chake hukokotwa mbele na nyuma kikawa na umbo ambalo wanasayansi wameliita mkia wa farasi. Kamba za aina nyingine hukiweka kiini mahali pake katika seli za sikio. Zikiharibika mtoto hupoteza uwezo wa kusikia.

Lakini sehemu ya mwili inayoteseka zaidi kamba hizi au nguzo zake zinapokuwa na hitilafu ni msuli, hasa moyo. Si ajabu. Moyo hupiga kadiri ya mara 100,000 kwa siku, na kila pigo huvuta viini vyote vilivyomo ndani ya misuli yake.

Nilipokuwa shule ya bweni palikuwa na kijana tuliyempachika jina la Korongo. Alitembea kwa ncha za vidole, kwani visigino vyake havikufika chini. Viwiko vyake havikunyoka, na shingo yake ilikuwa ngumu hata akiitwa ilimbidi ageuke mwili mzima. Katika gwaride alichapwa kwa kutosimama wima, na sisi, kwa ujinga wetu, tulicheka. Darasani alitushinda wengi. Alipofika umri wa miaka 26 alianguka akiwa amesimama kwenye foleni dukani, akafa papo hapo, pasipo homa wala jeraha. Palikuwa na mzozo wa mpaka wa shamba baina ya nyumba yao na jirani, na maneno yakaenezwa kwamba kijana amerogwa. Bibi kizee aliyetajwa alihama kijiji kabla ya arobaini kufika. Hakurudi.

Sisemi kwamba naijua sababu ya kifo cha Korongo. Hakupimwa akiwa hai, wala maiti yake haikuchunguzwa. Nisemalo ni kwamba yako maradhi yaliyoelezwa na madaktari Alan Emery na Fritz Dreifuss mwaka 1966, na dalili zake ni hizo hasa. Kwanza, tangu utotoni, kano za visigino, viwiko na shingo hufupika na kukakamaa. Kisha misuli ya mikono ya juu na ya miguu chini ya goti hudhoofika polepole. Akili haiguswi. Mwishowe, mara nyingi katika ujana au mwanzo wa utu uzima, njia za umeme uendeshao moyo huharibika, na moyo waweza kusimama bila ya onyo. Hatari ni kwamba udhaifu wa misuli huweza kuwa mdogo sana hata mtu akaonekana mzima, na huku moyo umeharibika vibaya.

Mwaka 1994 ilijulikana kwamba baadhi ya wagonjwa hawa hukosa protini iitwayo emerini, ikaayo katika utando wa ndani wa kiini jirani na SUN na lamini. Mwaka 1999 wengine walionekana kuwa na hitilafu katika jeni ya lamini yenyewe, na mwaka 2007 hitilafu za nesprini zikaongezwa katika orodha. Kwa maneno mengine, majina ni mbalimbali lakini mahali pa msiba ni pamoja: pale kiini kinapofungwa kwenye mwili wa seli.

Tiba ya kuondoa chanzo haijapatikana. Kuna, hata hivyo, habari inayopindua yale ambayo mtu angeyatarajia. Mwaka 2012 ilitangazwa kwamba panya waliokosa lamini, ambao kwa kawaida hufa mapema, waliishi zaidi walipoondolewa na SUN ya kwanza pia. Mnamo 2021 watafiti wa Singapore walitumia virusi visivyodhuru kupeleka katika mioyo ya panya wagonjwa jeni ya kuifungua ile mikono iliyoshikana, na maisha ya panya hao yakarefuka. Mabaharia wataelewa upesi. Mlingoti ulioliwa na mchwa hauangushwi na upepo peke yake. Huangushwa na kamba zake zenyewe, zinazouvuta kwa nguvu ile ile ya siku ulipokuwa mpya. Kuzilegeza kamba ni kuuokoa. Hayo yamefanyika kwa panya, na kati ya panya na binadamu pana safari ndefu, kwa hiyo asije mtu akauziwa dawa ya kamba sokoni.

Lakini moyo hauhitaji kusubiri mwisho wa safari hiyo. Kipimo cha umeme wa moyo, kile cha kubandikwa nyaya kifuani na karatasi ikatoka na mistari, huchukua dakika chache wala hakina maumivu. Mapigo yakionekana kuzorota, daktari aweza kupachika chini ya ngozi kifaa cha kuuongoza moyo, na wagonjwa wengine hupewa kile kinachoushtua ukienda mrama. Mtoto ambaye visigino na viwiko vyake vimekakamaa pasipo sababu inayojulikana anastahili kipimo hicho, hata akiwa anacheza na wenzake. Kikionekana kizuri leo hakijafunga faili. Hurudiwa kila mwaka, kwa sababu moyo huchelewa kutoa habari zake. Nawalaumu walimu wetu wa zamani kwa fimbo, lakini leo nawalaumu zaidi wale wanaomwona mtoto wa namna hii akipandishwa mtumbwi wa mganga na kushushwa katika mwingine, na kifuani mwake haujawahi kubandikwa hata waya mmoja.

Mwezi uliopita nilikutana na dada yake Korongo mazishini. Tulikaa chini ya mwembe tukizungumza habari za shule, kisha akamwita mwanawe wa kiume, wa miaka 11, aje anisalimie. Mtoto alikuja kwa ncha za vidole.

Sikujua nianzie wapi. Aina ile ya maradhi itokanayo na emerini huchukuliwa katika kromosomu ya X: mama aweza kuibeba jeni mbovu akawa mzima, na kila mtoto wa kiume amzaaye ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuipata. Ndugu wa mama na mtoto wa mama, ndivyo yatembeavyo. Nilimwomba mtoto anyoshe mikono yote miwili mbele yake. Alijitahidi, lakini viwiko vilibaki vimekunjika kidogo, naye akatabasamu kwa haya.

"Kaka, hata marehemu alikuwa hivyo," mama yake akasema. "Tuliambiwa ni ya ukoo."

Nikamwambia kwamba waliosema ni ya ukoo hawakukosea, nikamweleza habari za kipimo. Alisikiliza kimya, macho yake yakiwa kwa mtoto aliyekwisha kurudi kwenye mchezo. Kisha akaniuliza kama na yeye apimwe. Nikamjibu kuwa ndiyo, kwani wanawake wanaoibeba jeni hiyo, wachache wao, nao hupata kasoro ya mapigo ya moyo ukubwani.

Tumepewa miadi ya Alhamisi ijayo, saa mbili asubuhi, wao wawili.